Kukaa Mkavu Ukingoni mwa Uwanja

Mvua ikimwagika uwanjani katikati ya kipindi cha kwanza, watu hugawanyika haraka. Mashabiki wa mzunguko, kule kusiko na paa, hukimbilia chini ya ngazi au hujifunika mabango waliyokuja nayo. Makocha hurudi nyuma hatua mbili, wakawa chini ya paa la benchi. Wachezaji na mwamuzi hawana pa kwenda, na kusema kweli hawataki kwenda popote, maana mwili umeshachemka. Nyuma ya mabango ya matangazo, karibu na kibendera cha kona, hubaki watu wachache waliokaa juu ya vigoda, wamevaa bibu zenye namba, hawakimbii wala hawachezi. Hawana moto wa mchezo mwilini wala paa kichwani. Wamelipwa, na wengine bado hawajalipwa, ili wakae palepale na kutazama.

Nataka kuwasifu hao wapiga picha, na si kwa jicho lao, ambalo limeshasifiwa vya kutosha. Nawasifu kwa jambo lisiloonekana kwenye picha yao hata moja: namna wanavyokaa wakavu. Sisi wa fani hii tuna tabia ya kusifiana kwa uvumilivu, nani alilowa chapachapa akaendelea, nani alitetemeka mpaka filimbi ya mwisho. Naona sifa hizo zimepotea njia. Aliyelowa chapachapa hakuwa akitazama mchezo; alikuwa akijitazama mwenyewe.

Mwili hauna siri katika hili. Ukianza kupoa, damu hupungua kwanza vidoleni na kwenye nyayo, ikarudi ndani kulinda moyo na ubongo. Sasa, kwa mpiga picha kidole cha shahada ndiyo kazi yenyewe. Kitufe cha kamera kina hatua mbili: ukikibonyeza nusu, lenzi inamtafuta mchezaji na kumng'ang'ania; ukikizamisha, picha inapigwa. Kati ya nusu na mwisho kuna nafasi ndogo mno, na kidole kilichokufa ganzi hakiujui mpaka huo. Kinabonyeza mapema, au kinachelewa, na mshambuliaji ameshatua chini, mpira uko mikononi mwa kipa.

Kibaya zaidi ni kile kinachotokea kichwani. Mtazame mpiga picha aliyelowa kwa robo saa tu. Mabega yamepanda masikioni. Hageuki tena kulia kufuata mashambulizi ya upande wa pili, kwa sababu kila akigeuza shingo, kola ya koti inafunguka na mchirizi wa maji unashuka mgongoni. Basi anajifunga upande mmoja, anapiga picha za beki aliye karibu naye, anaangalia saa, anaomba mwamuzi asiongeze dakika. Bao la kusawazisha likija, linakuja upande ule alioacha kuutazama. Hakuna mhariri atakayejua kwamba picha ile ilikosekana kwa sababu ya kola.

Ndiyo maana nasema ukavu ni sehemu ya kuona. Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo nguo mbichi iliyogandamana na ngozi huuchota mwili joto mchana kutwa bila kupumzika. Wala haihitaji theluji. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi mtu tayari yuko hatarini, na nyuzi 10 za nje, upepo na fulana iliyolowa vinatosha kumfikisha huko. Anayedhani hayo ni mambo ya Ulaya akakae ukingoni mwa uwanja wa Sokoine, Mbeya, jioni ya mwezi Juni.

Na mbona tusikae nyumbani? Kwa sababu mvua hutoa picha ambazo jua haliwezi kuzitoa. Agosti 25, 1956, Chelsea walicheza na Preston North End kwenye uwanja wa Stamford Bridge, London, uwanja ukiwa madimbwi matupu. Tom Finney wa Preston alikata katikati ya mabeki wawili, akateleza, na maji yakaruka mbele yake kwa upana kumshinda yeye mwenyewe. Mpiga picha Horace Abrahams alikuwepo, kamera iko tayari, kioo safi. Picha ile ilitwaa tuzo ya picha bora ya michezo ya mwaka huo Uingereza, na leo nje ya uwanja wa Deepdale mjini Preston kuna sanamu ya Finney akiteleza, maji halisi yakiruka pembeni. Nguvu ya picha hiyo ni kwamba mwendo umeacha alama. Siku ya jua mwanasoka akiteleza, majani yanalala na kuinuka, basi. Siku ya mvua hewa yenyewe inaandika alipopita. Ukipiga kwa kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, matone yanasimama angani kama shanga. Ukishusha kasi, yanakuwa mistari na mchezaji anaonekana anapasua pazia. Kuchagua kati ya haya mawili kunataka akili iliyotulia, na akili haitulii ndani ya soksi zilizojaa maji.

Ufundi wenyewe huanzia sokoni. Wapo wanaoagiza makoti kutoka nje kwa bei ya lenzi ndogo, na siwalaumu. Lakini wengi wetu tumevikwa na mitumba. Gikomba pale Nairobi, au Karume pale Ilala, Dar es Salaam, yananing'inia makoti ya watu waliokuwa wakipanda milima na kuteleza kwenye theluji, yamekuja ndani ya marobota, na muuzaji mara nyingi huyauza kwa rangi. Anayejua haangalii rangi. Hulipindua koti nje ndani, akafuata kila mshono kwa kidole kutafuta ule utepe mwembamba uliogandishwa juu ya uzi, kwa sababu maji huingia kwenye matundu ya sindano kabla hayajapenya kitambaa. Utepe ukiwa umebanduka mabegani, lirudishe, hata likiwa zuri namna gani. Kisha hutazama kitambaa chenyewe kwa ndani: kikiwa kinapukutika unga mweupe kama mba, kinga yake imekwisha. Mwisho hudondosha tone la maji kifuani. Likikaa kama duara na kuviringika, lipa. Likizama na kuacha doa, punguziwa bei au ondoka. Nimewaona wauza mitumba wakiudhika na mtu wa matone, na nimewaona wengine wakijifunza kwake na kupandisha bei wiki iliyofuata.

Chini ya koti, adui ni pamba. Pamba ni kitambaa chetu, tumezaliwa ndani yake na tutazikwa ndani yake, lakini ikinyonya maji haiyaachi, na ikishalowa haina joto lolote. Sufu nyembamba ni nyingine kabisa: hunyonya karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi ubichi, na hata ikilowa bado inahifadhi joto. Sweta jembamba la sufu huokotwa kwenye mafungu ya bei ya chini kwa sababu lina tundu moja la nondo, na nondo hajawahi kumlowesha mtu. Juu yake nguo laini inayoshika hewa, kisha koti. Hewa iliyonaswa kati ya nguo ndiyo blanketi. Vaa koti moja zito badala ya hizo tatu na utakuwa unachemka wakati wa kupanda na kuganda wakati wa kusubiri, kwa sababu huwezi kuvua nusu yake.

Yale makoti mazito ya plastiki wanayovaa waendesha bodaboda, yenye mistari ya kung'aa, yana sifa na kasoro moja: hayapitishi maji kabisa, kutoka upande wowote. Mwendesha bodaboda amekaa na upepo unampoza. Mpiga picha anayebeba begi la kilo kumi na kukimbia kutoka goli moja hadi jingine wakati wa mapumziko atalowa kwa jasho lake, na baridi ya jasho haina tofauti na baridi ya mvua. Na Dar es Salaam wakati wa masika, nadhani koti ni kosa tangu mwanzo. Joto la pwani linakusamehe. Funika kamera, acha mwili ulowe, weka fulana kavu na taulo ndani ya mfuko uliofungwa, badili wakati wa mapumziko. Wenzangu wa bara hubishana nami hapa, na mimi huwauliza kama wamewahi kuvaa koti lililofungwa hadi shingoni pale uwanja wa Chamazi mwezi Aprili.

Lakini mtihani halisi wa Afrika Mashariki hauko kwenye soka. Uko kwenye mbio za magari za Safari Rally. Mbio hizi zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilifanyika Pasaka, yaani masika yanapoanza, madereva wakakutana na tope. Mwaka 1963, na tena 1968, magari zaidi ya 80 yaliondoka na yaliyomaliza yalikuwa saba tu. Na mara zote mbili mshindi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki, ndani ya Peugeot 404. Mbio ziliporudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 zilipangwa Juni, kisha mwaka 2024 zikarudishwa Pasaka, mwishoni mwa Machi. Wapiga picha wakanunua gambuti.

Naivasha, zinakopita mbio hizi, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya mashindano hufungwa mapema, kwa hiyo unaingia kungali giza na hutoki mpaka gari la mwisho lipite. Ulichokuja nacho ndicho utakachokuwa nacho. Alfajiri ni baridi ya kukufanya uone pumzi yako. Saa nne jua linachoma na vumbi laini la fesh-fesh linaingia mpaka kwenye meno. Alasiri wingu linajikusanya juu ya vilima vya Elmenteita, karibu na mlima unaoitwa Sleeping Warrior, na katika nusu saa lile vumbi limekuwa uji. Misimu mitatu ndani ya siku moja, na gari lenyewe likija mbele yako linakaa sekunde chache tu.

Humo ndimo ufundi unapoonekana. Mjuzi havai vyote anaposhuka garini. Anatembea kwenda kwenye kona yake akiwa anahisi ubaridi kidogo, ili asifike na jasho. Akifika anatandika kipande cha boksi au godoro jembamba la mazoezi na kusimama juu yake, kwa sababu ardhi mbichi hunyonya joto kupitia nyayo, na gambuti, pamoja na sifa zake zote, ni mpira mtupu usio na joto. Soksi za akiba ziko ndani ya mfuko uliofungwa, kisha ndani ya mfuko mwingine. Glavu ni mbili: nyembamba yenye ncha iliyokatwa kwenye kidole cha shahada na gumba, na juu yake nene ya kuvua haraka, imefungwa kwa kamba mkononi isije ikaanguka topeni. Kofia yenye ukingo chini ya kofia ya koti, ili ile ya koti igeuke pamoja na kichwa na isimfunike jicho. Kola imebanwa na skafu, naam, kola ileile.

Na kabla ya yote hayo ameshauliza upepo unatoka wapi. Hili halinunuliwi dukani. Ukiupa upepo mgongo, mvua inakupiga koti badala ya kukupiga kioo, na lenzi inabaki safi hata bila kupanguswa. Wengi huchagua kona kwa uzuri wa mandhari, halafu wanashinda wakipangusa.

Kamera yenyewe nayo inataka vazi. Zamani jibu lilikuwa mfuko wa plastiki wa dukani: unautoboa chini, unapitisha lenzi, unafunga kwa mpira wa raba. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 28, 2017, Tanzania ikafuata Juni 1, 2019, na sijasikia mpiga picha hata mmoja akilalamika hadharani, kwa kuwa wote tumeona mitaro iliyozibwa na mifuko ile ikifurika. Kimya kimya, hata hivyo, tulipata taabu. Sasa wapo walioshonewa mavazi ya kamera na mafundi cherehani kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, na kitambaa hicho ni kizuri kuliko plastiki: hakipigi kelele, haking'ai, na hakigandi kwenye vidole. Kwa mdomo wa lenzi hakuna kilichoishinda kofia ya plastiki ya kuogea, ile inayowekwa bafuni hotelini ndani ya kijiboksi. Ina ukingo wa mpira. Unaivika juu ya hudi ya lenzi ukisubiri, unaivua kwa mkono mmoja gari likisikika.

Kitambaa cha kupangusia ni kanga. Kanga mpya haifai, bado ina wanga na inasukuma maji badala ya kuyanyonya. Inayotakiwa ni ile kuukuu iliyofuliwa mpaka maandishi yamefifia, ikakatwa vipande vitatu: kimoja cha mikono, kimoja cha mwili wa kamera, na cha tatu, kilichokunjwa ndani ya mfuko wa kifuani, cha kioo peke yake. Vikichanganyika, tope la mkono litaingia kwenye kioo na kukikwaruza. Kabla ya kupangusa, puliza. Chembe moja ya mchanga wa Naivasha chini ya kitambaa inaweza kuacha mstari usiotoka.

Pwani hatari ni nyingine. Gari lina kiyoyozi, kamera imepoa, unashuka kwenye mvuke wa Dar na kioo kinaingia ukungu papo hapo, nje na wakati mwingine ndani. Dawa ni subira: begi likae buti, si kwenye viti, au lifike uwanjani nusu saa kabla na kubaki limefungwa mpaka vyote vizoee joto la nje. Ndani ya begi weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kuna wanaoapa kwa mchele. Mchele naupenda kwenye pilau. Kwenye kamera unaacha vumbi.

Wenzetu wa nchi za baridi wana elimu yao, na si vibaya kuwatazama. Desemba 31, 1967, huko Green Bay, Marekani, timu ya Packers ya futiboli ya Kimarekani ilicheza fainali na Dallas Cowboys kwenye baridi ya karibu nyuzi 25 chini ya sifuri. Vernon Biever, mpiga picha wa Packers, alipoona mchezo umefika ukingoni alikwenda upande wa benchi kutafuta nyuso, akamwacha mwanawe John, kijana wa miaka 16, nyuma ya mstari wa goli. Bart Starr wa Packers alijitupa na mpira pale pale mbele ya kijana huyo, sekunde chache kabla ya mwisho, na picha ya John ndiyo iliyobaki kwenye vitabu. Watu huisimulia kama bahati. Mimi huwaza mikono yake. Katika baridi hiyo filamu inakuwa ngumu na kukatika kirahisi, betri inalala, na chuma cha kamera kinang'ata ngozi. Kijana alifika dakika ya mwisho akiwa bado ana vidole vya kufanyia kazi. Mtu fulani alikuwa amemvika vizuri.

Hata Boston, ambako Wakenya wamezoea kushinda marathoni, Aprili 16, 2018 hali ya hewa iliwapangua watu. Mvua kubwa, upepo wa usoni, joto likiwa nyuzi chache tu juu ya sifuri. Geoffrey Kirui, bingwa wa mwaka uliotangulia, aliongoza mpaka karibu na mwisho, ndipo Yuki Kawauchi wa Japani akampita. Desiree Linden akashinda upande wa wanawake kwa saa 2:39:54, akiwa Mmarekani wa kwanza kushinda upande huo tangu 1985. Wakimbiaji wengi wa daraja la juu waliacha njiani. Wapiga picha wanaotangulia juu ya gari hukaa wametazama nyuma, kwa hiyo upepo uliomkata Kirui usoni wao uliwapiga kisogoni, na lenzi zikaelekea upande wa salama. Kilichobaki kilikuwa kukaa saa mbili bila kujinyoosha, betri za akiba zimefichwa kwenye mfuko wa ndani karibu na kwapa, ambako hukaa na joto na kutoa chaji yote iliyomo. Wakenya na Waethiopia waliozoea kukimbia kwenye baridi ya Iten na Bekoji waliuona mji ule umekuwa mgeni kwao; basi na aliyekaa tu na kamera afikiriwe.

Radi ni habari nyingine. Ukiusikia mngurumo, funga begi uingie ndani ya gari. Nguzo ya chuma ya kushikia kamera katikati ya uwanja mtupu si mahali pa kuonyesha ujasiri, na mhariri anayekwambia ubaki hayupo hapo.

Chai pia ina adabu yake. Chupa ya chai ya tangawizi husaidia mikono hata kabla ya kufika tumboni, lakini kwenye barabara iliyofungwa ya Naivasha hakuna choo, na kuvua tabaka tatu kichakani mvua ikinyesha ni kazi kubwa kuliko ile iliyokuleta. Wakongwe hunywa kidogo kidogo, na kikombe cha pili humpa askari anayelinda kona, ambaye kazini hupewa koti moja tu na amesimama toka saa kumi na moja. Askari huyo ndiye atakayewaambia walioko nyuma yako wasogee, gari likikaribia.

Jioni kila kitu huvuliwa kwa mpangilio wake: betri na kadi kwanza, kisha lenzi, kamera ifunguliwe vifuniko ikauke penye hewa na si mbele ya moto, na mwili mwisho. Viatu vya ngozi, kwa wanaovivaa bado, hujazwa magazeti usiku kucha na magazeti hayo hubadilishwa mara moja kabla ya kulala. Kurasa za michezo zinanyonya vizuri kabisa. Shida ni kwamba siku hizi hoteli nyingi haziletewi tena gazeti, na picha tulizozipiga mchana zinasomwa kwenye simu, ambayo haiwezi kukaushia kiatu.